Pasi Isiyofika Kwenye Nyama

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeona ndama mwenye vichwa viwili mnadani, nimeona sukari ikipimwa kwa kifuniko cha chupa ya soda, nimeona mwanamume mzima anaoga kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni imekuwa hadithi. Shule niliishia darasa la tatu nikaenda kuchunga, na kutoka kuchunga nikawa na bucha yangu mwenyewe sokoni Bunda. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo mtu akiniletea habari ya ajabu huwa namwambia, kaa chini kwanza nikupe ya kwangu.

Lakini nilishangaa. Kilichonishangaza ni kipande cha chuma, upana wake kama kifuniko cha kopo la maziwa, baridi, hakina moto wala moshi, kikaniunguza karibu na mfupa na ngozi juu ikabaki baridi vilevile. Na kilichonishangaza zaidi, chuma hichohicho kilimponya mdogo wangu Bwire huku mimi naangalia.

Ninaandika kwa ajili yako wewe uliyeambiwa ukapigwe pasi. Ndivyo wagonjwa tulivyoiita ile mashine. Jina lake la hospitali lilikuwa refu na mimi sikulihitaji. Wanakupaka kitu cha utelezi juu ya paja, halafu wanakipitisha kile chuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama fundi cherehani anavyonyoosha suruali ya harusi. Ukiwa kwenye benchi unasubiri na hujui kinachokungoja, soma.

Bwire ni ndugu yangu wa baba mmoja. Mama yangu ndiye nyumba kubwa, mama yake alikuja baadaye. Mimi nilijaza mwili mapema, na miaka ile ya shida, wakati suruali za watu zimefungwa kwa kamba ya katani, mimi nilikuwa natafuta mkanda mrefu zaidi. Tumbo langu lilikuwa ushahidi. Mtu akiliona sokoni anajua huyu anauza nyama na nyingine anakula. Bwire anavua huko Bukima, na amekonda kama upondo wa mtumbwi wake. Tangu utoto watu walikuwa wakisema, Masatu ana nguvu, Bwire ana bahati. Hiyo bahati nilikuwa siijali mpaka siku ya lori.

Ilikuwa masika. Tulitoka kwa baba yetu, upande wa Butiama, na ng'ombe wa kupeleka mnada wa Bunda. Kabla ya njia panda lori likazama kwenye tope mpaka tumboni. Dereva akasema tushushe ng'ombe. Mimi na Bwire tukazunguka nyuma, tukachomoa kile chuma kinachoshika ubao wa nyuma, na ng'ombe mmoja akausukuma kabla hatujaushika sawasawa. Ubao ukaanguka mara moja, ukatupiga wote wawili, kila mmoja paja la kulia. Naomba ulikumbuke hilo. Ubao mmoja, mapaja mawili, baba mmoja.

Picha ilionyesha mifupa ni mizima. Paja likavimba, likawa jeusi, likaja kijani, likaja njano kama ndizi iliyosahaulika. Uvimbe ukashuka, lakini goti likakataa kukunja. Ndani ya nyama palikuwa pagumu kama gogo langu la kukatia. Nikijaribu kuchuchumaa chooni nilishika ukuta nikitetemeka, mimi niliyekuwa nabeba paja zima la ng'ombe begani kutoka machinjioni na kupiga mluzi juu yake.

Sasa uelewe kilichokuwa hatarini, maana wengine watafikiri ni mguu tu. Sokoni Bunda mteja hafuati bucha, anafuata mkono. Anaupenda mkono unaokata, anaujua, anauita kwa jina. Mkono ukikosekana msimu mmoja, anazoea mwingine. Nilijua hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilipata wateja wangu wa kwanza wakati mwenye meza ya jirani anaumwa kifua. Alipopona alikuta kila mtu yuko kwangu. Mpaka leo anauza mkaa.

Tukaandikiwa kwenda hospitali moja ya Musoma mjini. Chumba cha mazoezi kiko mwisho wa korido, na nje yake benchi la saruji linalopigwa na upepo wa ziwa tangu asubuhi. Hapo ndipo nilipojifunza kusubiri. Nyumbani nikiita, watu wanakuja. Pale kinachoitwa ni jina, na jina langu lilikuwa likiitwa mwisho, kwa sababu basi la Bunda lilifika wakati wa Bukima wameshajipanga. Wagonjwa wote walikaa na chupa mapajani. Ile jeli ya mashine ilikuwa imekwisha, haijulikani itakuja lini, basi Sista Adela, mwenye chumba, aliwaambia watu waje na kitu chao cha kulainisha. Mmoja ana mafuta ya nyonyo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Mama mmoja ana mafuta ya kula kidogo kabisa, amefunga kwenye kitambaa kama dhahabu, na kwa siku zile ilikuwa dhahabu kweli.

Mimi nilikuja na samli. Kibuyu kizima, ya ng'ombe wangu. Nilikifungua pale benchini ili harufu yenyewe izungumze.

"Mzee, unaenda kutibiwa au kukaangwa?" akauliza yule mama, na benchi lote likacheka.

Bwire hakuja na kitu. Akamwuliza Sista, "Maji mnayo?" Sista akasema maji yanafaa, maji ndiyo mazuri kuliko vyote. Akamtoa nje kwenye pipa lililopasuliwa kwa urefu, Bwire akakaa ndani kama amekaa mtumbwini, maji yakafunika paja, na Sista akakipitisha chuma humohumo majini bila hata kumgusa.

"Unasikia nini?" akamwuliza.

"Joto, Sista. Linakuja polepole, kama chai ikishuka tumboni."

Zamu yangu ilipofika, samli ilikuwa imeganda kwa upepo. Sista akaipaka, akapitisha chuma, akatikisa kichwa. "Ina mapovu hii, na imeganda. Haipitishi."

"Basi na mimi nitie kwenye pipa."

Alilitazama pipa, akanitazama mimi. Bwire ndiye aliyesema, akiwa anajifuta: "Kaka, ukiingia humo maji yote yatatoka kukusalimia."

Nilicheka na wenzangu, lakini nilikuwa nikiumia. Kwa mara ya kwanza maishani mwili wangu ulikuwa umenizuia mlangoni mahali ambapo Bwire ameingia.

Nikabadili, nikaleta mafuta ya kula, nilijua nani anayo chini ya meza. Mara ya pili sikusikia joto. Mara ya tatu sikusikia joto. Bwire mara ya tatu alichuchumaa pale koridoni mbele ya watu wote, akainuka, akachuchumaa tena, akajifanya anachambua dagaa chini. Sista alipiga makofi. Alikuwa mama wa makamo, mkali, hajawahi kunipigia mimi hata kofi moja. Niliangalia dirishani nikajifanya nahesabu mitumbwi.

Bwire alipoona nimenuna akanisogelea. "Kaka, usijali. Mimi ni dagaa, wewe ni sangara. Dagaa unamwanika asubuhi, jioni ameshakauka. Sangara ana mafuta, huyo anataka moshi siku nyingi."

Alidhani ananifariji.

Wakati wa kurudi tulipitia kwa baba. Mzee alikuwa amekaa mlangoni, macho yamefifia lakini ulimi mzima. Bwire akatangulia kumsalimia kwa miguu yake. Mimi nikafuata na fimbo.

"Huyu ni nani anayekuja na miguu mitatu?" baba akauliza.

"Ni mimi, baba. Masatu."

"Masatu wangu alikuwaga na miwili."

Halafu akamwita Bwire akae karibu naye, akaipapasa ile sehemu iliyopona kama mtu anayenunua fahali. Mama yangu alikuwa ndani anapika. Nilisikia mwiko umesimama.

Bucha sikuweza kuifunga. Ukifunga meza, soko linaigawa. Mke wangu ndiye aliyetoa wazo, na mpaka leo sijui kama nimemsamehe. "Baba Mafuru," akasema, "si umwite Bwire? Mbalamwezi imeanza, dagaa hawavuliki. Akusaidie mpaka upone."

Ningekuwa na mtu mwingine ningekataa. Bwire akaja, akavaa koti langu jeupe, likamzunguka mara mbili, akalifunga na kamba ya nyavu. Mimi nikakaa nyumbani kwenye kiti, mguu juu ya stuli, nikisubiri habari. Habari zilikuja, tena nzuri, na hicho ndicho kilichonila. Leo utumbo umekwisha saa nne. Leo kina mama wamepanga foleni. Leo mwalimu mkuu, ambaye kwangu alinunua robo kwa kunung'unika, amechukua kilo.

"Anawapa nini?" nikauliza.

"Anawapa maneno," mke wangu akasema. "Na kipande cha juu baada ya mzani."

"Nyongeza! Kwenye nyama yangu!"

"Kila mtu anakusalimia, Baba Mafuru. Wanasema pole."

Pole hailipi meza. Nilikuwa najua kinachoendelea. Mkono ulikuwa unabadilika.

Basi siku iliyofuata ya matibabu nilikwenda Musoma peke yangu, nimekusudia. Mvua zilikuwa zimekatika, pamba imeanza kufunguka kando ya barabara, na mimi bado fimbo. Nikamwambia Sista aongeze moto. Akasema haongezi. Nikamwambia nitaleta nyama, chumba kizima kitakula. Akasema atashukuru, na haongezi. Akaanza kupitisha chuma, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na mimi nikamwangalia mkono nikasema moyoni, huyu mama hajui kupiga pasi. Mkunjo mgumu haupitiwi juu juu. Fundi akifika kwenye pindo anasimamisha pasi, anakandamiza, mpaka nguo itii.

Akaitwa mlangoni. Mtoto wa kuungua alikuwa analetwa. Sista alizima swichi, akaweka chuma chini, akatoka. Mimi nilikuwa nimeangalia ile swichi kwa majuma. Nikaiwasha, nikakishika kile chuma, nikakisimamisha palepale penye ugumu, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote.

Mwanzo hakuna kitu. Ngozi baridi. Nikasema, si unaona, hata haichomi. Nikazidi kukandamiza. Halafu kikaja kitu kutoka chini, hakikutoka juu, kikaja kama jino bovu lililoota ndani ya paja. Nilipiga kelele ambayo benchi lote liliisikia. Sista alinikuta nimeshika chuma bado, kwa sababu mkono ulikuwa umesahau kuachia.

"Mzee Masatu! Umejichoma!"

"Mbona ngozi haina kitu?"

"Ngozi siyo uliyoichoma."

Paja likavimba upya. Nikakatazwa pasi mpaka nitakapoambiwa. Pamba ikavunwa yote nikiwa kwenye kiti. Malori yakapita kwenda kiwandani, vumbi lake likaingia mpaka kwenye chai yangu, na sauti ya soko ilinifikia kwa mbali, na ndani ya sauti hiyo nilikuwa nasikia, au nilijisikizisha, watu wakiita, "Bwire! Bwire, nikatie mimi!"

Nilipokubaliwa kurudi, Sista hakunigombeza tena. Alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Mzee, wewe unauza nyama. Ukichuna ng'ombe paja, chini ya ngozi kuna nini?"

"Mafuta."

"Chini ya mafuta?"

"Utando. Ule mweupe, unaong'aa."

"Ukiitupa nyama motoni na utando wake?"

Hapo sikuhitaji kufikiri, hiyo ni kazi yangu. "Utando unashika moto kwanza. Unajikunja, unaungua, na nyama chini yake ukikata ni mbichi."

"Basi ndilo paja lako," akasema. Akaweka kidole kwenye kovu la paja hilohilo, la pembe ya fahali, nilipochomwa nikiwa mchungaji. Kovu hilo nimelionyesha watu wengi kwa majigambo. "Hapa utando umeshonana na utando mwingine, mpaka chini huko. Moto wangu ukiingia unapita kwenye mafuta unapotea njia, kisha unakutana na hili, linaunywa wote. Nyama haipati. Ndugu yako hana mafuta, hana kovu. Kwake ni mlango wazi."

Nikukirie kitu kidogo? Nilifurahi. Hata utando ninao mwingi kuliko Bwire.

Sista akaanza upya. Moto mdogo, chuma hakitulii, na hakupita tena juu ya kovu, alikuja kwa ubavu wa paja ambako mafuta ni machache. Siku hiyo, mwenzangu, nilisikia ile chai. Ilishuka taratibu ndani ya nyama, nikafumba macho ili wasione. Jeli nayo ilikuwa imefika, kopo kubwa la buluu. Watu wakaacha kuja na chupa. Huko nje nako vitu vilikuwa vimeanza kurudi, sabuni madukani, mitumba imemwagwa chini pale Bunda, watu wanachagua makoti ya baridi kwenye jua.

Lakini Sista akasema joto peke yake halitoshi. Utando ukishapashwa lazima uvutwe ungali laini, na kila jioni nyumbani vilevile, kwa kitambaa cha maji moto. "Unaye mtu mwenye mikono ya kuvuta? Asiwe wa kukuonea huruma."

Ndani ya basi, njia nzima mpaka Bunda, nilitafuta mikono kichwani. Nilimfikiria mke wangu, mikono yake ni ya huruma. Niliwafikiria majirani wote. Mikono ya kuvuta niliyoijua ilikuwa ya mtu mmoja tu, na ilikuwa imevuta nyavu tangu utotoni.

Jioni hiyo Bwire alirudi na koti langu begani. Nikamwambia, bila kumtazama, "Sista anasema nivutwe."

Hakuuliza. Alinawa mikono damu, akanilaza kifudifudi ukumbini, mke wangu akaleta kitambaa cha moto, naye akaushika mguu wangu kwenye kifundo akaanza kuukunja kuelekea nyuma. Nilitukana. Nilimtukana yeye, nikataka kumtukana baba yake nikakumbuka baba ni mmoja.

"Tukana, kaka. Ziwani pia wanatukana. Vuta... legeza... vuta..."

"Utanivunja!"

"Sangara halii. Vuta!"

Ilikuwa hivyo kila jioni. Juma hadi juma kisigino kilikuwa kikisogelea makalio kwa upana wa kidole, siku nyingine kikirudi nyuma. Siku moja katikati ya kuvuta, akasema bila kusimama, "Unajua, tukiwa wadogo nilikuwaga nalitamani tumbo lako. Mama alikuwa akinipa uji nakunywa mwingi nijaze, naamka asubuhi niko vilevile. Nikasema huyu Masatu Mungu amempaka mafuta mwenyewe."

"Na sasa?"

"Sasa nakuvuta," akasema, akavuta.

Nililala vizuri siku hiyo. Mtu akikuonea wivu, hata wa zamani, maumivu yanapungua. Hilo Sista hakunifundisha, nakupa mimi bure.

Mvua za vuli zilipoanza nilichuchumaa bila kushika ukuta. Nilikwenda kwa baba nimeacha fimbo nyumbani. Akasikiliza hatua zangu kabla sijasalimu, akasema, "Miwili." Hilo tu. Mama yangu akaja mlangoni na mwiko mkononi.

Kisha nikarudi kwenye gogo langu. Nilifika mapema, nikabeba paja begani kutoka machinjioni, polepole, lakini nililibeba, na soko lote liliona. Nikavaa koti, limenibana kidogo kifuani na lina fundo la nyavu. Mteja wa kwanza alikuwa yule mwalimu mkuu. Akasimama, akatazama nyuma yangu.

"Bwire hayupo?"

Niliushika ule upanga wa nyama, nikakata kilo, nikaweka mzani, na baada ya mzani kutulia nikachukua kipande, kizuri, cha steki, nikakiweka juu. Moyo wangu ulitoa sauti. Mwalimu akatabasamu. "Alaa! Kumbe mmefundishana."

Walirudi. Si wote, lakini mkono wameujua tena.

Kwa hiyo wewe uliye benchini, fanya hivi. Ukiwa mnene usione aibu, lakini usijilinganishe na aliye kando yako, hata kama ubao ni mmoja. Kovu ulilonalo lionyeshe siku ya kwanza, hata kama lina sifa. Usiiguse swichi. Na tafuta wa kukuvuta, hata kama unamchukia kidogo.

Mimi wivu bado ninao kidogo. Ninapomwona Bwire anaruka kutoka mtumbwini kwa mguu ule, kama hakuna lori lililowahi kuwepo, huwa naanza tena kuhesabu mitumbwi. Hakutaka malipo. Nililazimisha, kwa sababu mimi sidaiwi. Nikamwambia achague kwenye zizi anayemtaka, nikijua mvuvi hajui ng'ombe. Akatembea katikati yao, akawapita mafahali wote wanono, akamshika pembe mtamba mmoja mwekundu, mwembamba, mbavu nje, ambaye mimi mwenyewe nisingempa hata mchinjaji.

Mtamba huyo ameshamzalia majike watatu.

Basi ukiniuliza mguu huu umenigharimu nini: ng'ombe wanne waliouzwa kwa nauli, mafuta na hospitali, beberu mmoja wa Sista na wenzake, na mtamba mmoja mwekundu, ambaye kila nikipita Bukima ananitazama akicheua. Jumla ni ng'ombe watano na beberu mmoja. Wale majike watatu siwahesabu.